Kitabu Alichokirudisha Mama

Likizo ndefu ilipoanza, Baba hakuweza kutulia kwenye kiti chake. Alishona mguu mmoja wa suruali, akasimama. Akaenda mlangoni, akaitazama barabara kama mtu aliyeahidiwa mgeni, akarudi. Akakaa, akaweka miguu kwenye kikanyagio cha cherehani, akashona kidogo, akasimama tena kutafuta mkasi uliokuwa umelala mbele yake. Mteja mmoja aliyekuja kupunguziwa kiuno cha suruali alimtazama kwa muda, mwisho akashindwa kuvumilia.

"Fundi, hicho kiti kina misumari?"

"Joto," Baba akajibu.

"Joto mbona hata mimi ninalo, na nimekaa?"

Baba akacheka kwa adabu, akaenda mlangoni tena.

Baba ni fundi cherehani. Chumba chetu cha mbele ndicho duka lake: cherehani ya kukanyaga chini ya dirisha, meza ya kukatia, meza ya pasi, na ukutani misumari inayoning'iniza nguo zilizokwisha. Msimu wake mkubwa ni likizo ndefu, shule zinapofungwa na jua linapokuwa kali, kwa sababu hapo ndipo wazazi huleta vitambaa vya sare. Huo pia ulikuwa msimu wa Mama. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, kwa hiyo yeye alipopumzika ndipo Baba alipolemewa. Kila mwaka aliingia dukani na kigoda chake, akakaa kati ya meza ya pasi na rundo la vitambaa, akafungua kitabu na kumsomea Baba kwa sauti tangu asubuhi mpaka kivuli cha ukuta wa jirani kifike kizingitini.

Lakini si kila kitabu kinaweza kusomwa mbele ya cherehani. Cherehani ikilia, husikii neno. Mama alikuwa akinyamaza inapolia, na kusoma inaponyamaza: Baba anapofika kwenye kona na kugeuza kitambaa, anapokata uzi, anapobadilisha bobini ya uzi wa chini. Kwa hiyo alitaka vitabu ambavyo sentensi zake zinaweza kuingia kwenye kona ya mfuko wa shati. Kitabu chenye sentensi ndefu kama foleni ya hospitali alikirudisha hapo hapo. "Hiki kinakata uzi," alikuwa akisema.

Vitabu alivipata kwa Miwani, mzee anayeuza na kubadilishana vitabu vilivyokwisha kusomwa, chini ya ngazi za jengo la posta. Mama alivijaribu akiwa amesimama pale pale. Alisoma kwa sauti, huku mguu wake ukikanyaga sakafu juu chini, juu chini, kama kwamba ana cherehani. Watu waliopita walidhani anacheza muziki ambao wao hawausikii. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tunajificha nyuma ya nguzo kwa aibu.

Kipimo cha kitabu kizuri nyumbani kwetu kilikuwa hasara. Hadithi ikinoga, Baba alikosea. Kuna kitabu cha mwizi wa saa ambacho kilimfanya ashone mkono wa shati ndani nje. Kingine kilimpatia mwanafunzi mmoja kaptula yenye mifuko miwili, yote upande wa kulia. Baba alifumua kwa wembe huku akinung'unika, na Mama alipiga makofi. "Hicho ndicho kitabu!" alisema. "Mtoto anaweza kulia njaa, baba yake asisikie!"

Mama alifariki mwanzoni mwa mwaka ule, kwa maradhi ambayo hayakutupa muda wa kujizoesha. Tangu hapo Baba hakukosea hata mshono. Kola zake zilikaa sawa, mapindo yalinyooka kama yamechorwa kwa rula. Wateja walimsifu. Lakini kazi haikwenda, kwa sababu nguo haishonwi na mtu aliyesimama mlangoni.

Shangazi, dada yake mkubwa, alipiga simu siku ya kwanza ya likizo. Sauti yake haihitaji simu, sote tulimsikia.

"Njooni mkae kwangu. Mkwe wangu ana karakana, mafundi wamejaa humo, kuna kelele, kuna watu. Hapo ulipo unakaa na ukuta."

"Nina sare za watu, dada."

"Maliza sare. Shule zikikaribia kufunguliwa nakuja na gari, tunapakia cherehani na watoto. Nyumba mpangishe mtu."

Baba akasema, "Ngoja tuone msimu utakavyokwenda."

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na kazi yangu dukani ilikuwa vifungo na pasi. Mdogo wangu, ambaye sote tunamwita Kitinda kwa kuwa ndiye wa mwisho, alikuwa bado shule ya msingi. Hakuna kati yetu aliyetaka kuondoka. Ndani ya chumba kile nilikuwa bado najua mahali ambapo Mama angekaa, upande ambao angegeuzia kitabu ili apate mwanga. Kwa Shangazi nisingejua. Nikajiambia: Baba akitulia kwenye kiti chake msimu huu, hatutaondoka. Na kilichokuwa kikimtuliza miaka yote ni kitabu. Basi kazi yangu ni moja, kupata kitabu.

Nikaenda kwa Miwani.

"Karibu, binti mwalimu," alisema. "Poleni tena."

"Tumeshapoa, mzee."

"Mwaka huu nani anachagua?"

"Mimi."

"Haya. Kanyaga tusikie."

Niliinua mguu, nikaona watu wakishuka ngazi za posta, nikaushusha. Nikasoma mstari mmoja kwa sauti ya mtu anayeomba dawa ya minyoo. Miwani akageuka upande akajifanya anapangusa vumbi. Nilichukua vitabu vitatu kwa haraka. Cha kwanza kilikuwa kile cha mwizi wa saa, maana Mama alikuwa amekirudisha kwa Miwani baada ya kukimaliza, nikaona hicho hakiwezi kushindwa. Cha pili kilikuwa kinene, cha mapenzi na majumba makubwa. Cha tatu kilikuwa cha vichekesho.

Asubuhi iliyofuata nilikaa kwenye kigoda nikafungua cha mwizi wa saa. Sikumaliza hata sentensi ya pili. Miguu ya Baba ilisimama juu ya kikanyagio.

"Hicho nakijua."

"Ulikipenda, Baba."

"Nilikipenda," alisema. Akasimama, akavaa viatu, akatoka. Alirudi mchana na bunda la uzi wa bluu, na uzi wa bluu ulikuwa umejaa kwenye kopo.

"Umemfukuza," Kitinda akaninong'oneza.

"Wewe ungefanyaje?"

"Mimi nisingemfukuza."

Kile cha mapenzi kilikufa chenyewe. Sentensi zake zilianza kwenye mfuko na hazikuisha hata kwenye pindo. Kila cherehani ilipolia nilisahau nani alikuwa anampenda nani. Cha vichekesho ndicho kilichoniumiza zaidi. Baba alicheka kila mahali pa kucheka, kwa kiasi kile kile, kama abiria anayetoa nauli. Kisha akaenda mlangoni.

Niliendelea hivyo siku nyingi, nikirudisha na kuchukua, kurudisha na kuchukua. Hadithi za wasafiri, za polisi, za wanyama wanaosema. Joto lilizidi. Vitambaa viliongezeka mezani mpaka paka wa jirani akapata kitanda. Mama mmoja wa watoto mapacha aliingia, akaweka mikono kiunoni.

"Fundi, wanangu wataenda shule wamevaa mataulo?"

"Wiki hii, mama, wiki hii."

"Wiki hii ndiyo ulinipa wiki iliyopita."

Baba aliomba radhi, akakaa, akashona. Mimi nikafungua kitabu. Akashona hadi kwenye kona, akasimamisha cherehani, akanitazama. Mimi nilikuwa nimeshanyamaza kwa sababu cherehani ilikuwa inalia, nikangoja nione kama itaanza tena. Yeye naye akangoja nisome. Tukatazamana. Nikaanza kusoma wakati ule ule ambao yeye alianza kukanyaga. Akasimamisha upesi, nami nikanyamaza upesi.

"Samahani, soma," akasema.

"Hapana, Baba, shona kwanza."

"Soma tu."

"Malizia kona."

Kitinda, aliyekuwa chini anatenganisha vifungo vyeupe na vya kijivu, aliinua kichwa. "Nyinyi mmekwama mlangoni. 'Tangulia wewe.' 'Hapana, tangulia wewe.' Na hakuna anayeingia."

Hakuna aliyecheka. Ilikuwa kweli, na si kwa kitabu tu. Tangu wageni wa msiba walipoondoka, nyumba yetu ilikuwa imejaa adabu. Nilitia chumvi kwenye chai kwa makosa, Baba akainywa yote akasema asante. Kitinda alikuwa mtoto wa kugombana hata na kivuli chake, lakini sasa aliosha vyombo bila kuambiwa. Kila mtu alimbeba mwenzake kama yai, na mtu aliyebeba yai hawezi kukaa raha.

Shangazi akapiga simu tena. Alikuwa amepata gari, angekuja Jumamosi ya kabla ya shule kufunguliwa. Baba akasema, "Njoo tu, dada." Alisema hivyo akiwa amesimama mlangoni na futi shingoni.

Nilikwenda kwa Miwani mchana ule ule, na jua la utosi, na mfuko wa vitabu ulionikata bega. Niliumwaga juu ya meza yake.

"Taratibu, binti! Hivyo ni vitabu, si viazi."

"Havifai."

"Vyote?"

"Vyote. Mama angechukua kipi?"

Miwani alivikusanya kimoja kimoja, akavipanga. "Mama yako sijui angechukua kipi. Kila mwaka alinishangaza. Ninachojua ni kipi asingechukua." Akainama chini ya meza, akatoa kitabu chenye jalada lililopauka, limechorwa mkate mmoja unaotoa moshi. "Hiki hapa. Kila likizo alikifungua, anasoma ukurasa wa kwanza, anasonya, anakirudisha. 'Hiki kitamkera mzee wangu,' anasema. Mwaka unaofuata anakifungua tena kama kwamba kimebadilika. Mimi mwenyewe nimekichoka. Kimekaa hapa mpaka kimekuwa ndugu."

"Nipe."

"Sijakwambia uchukue. Nimekwambia—"

"Nipe, mzee."

Nilikichukua kwa hasira. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nimejaribu kila ambacho Mama angekipenda na kila kimoja kilimtoa Baba nje, na nilichoka kuwa na adabu hata kwa vitabu. Nilikuwa nimefika barabarani Miwani aliponiita, "Hicho usinirudishie!"

Kilikuwa hadithi ya mwoka mikate. Mke wake anakwenda kumwuguza mama yake katika mji wa mbali, na harudi wala haleti habari. Mwoka mikate anangoja, anangoja, mwisho anazima tanuri, anafunga duka na kwenda kumtafuta mji baada ya mji. Nilianza kukisoma kesho yake asubuhi, kavu, kwa haraka, bila kujali cherehani inalia au imenyamaza. Kama atatoka, atoke.

Tulifika pale mwoka mikate anapoingia kwenye baridi ya usiku, anafungua vifungo vya koti lake na kumfunika mtoto wa mtu. Cherehani ikasimama.

"Rudia hapo," Baba akasema.

Nikarudia.

"Koti lina zipu."

"Lipi?"

"Hilo koti lake! Alipotoka nyumbani alivuta zipu mpaka kidevuni. Umesoma mwenyewe. Leo vifungo amevitoa wapi?"

Nikarudisha kurasa. Kweli, zipu. "Labda ana makoti mawili."

"Ametoka na mfuko wa mkono, ndani yake kuna mkate na soksi. Koti la pili amelikunja wapi, kwenye soksi?"

"Basi mwandishi amesahau."

"Amesahau! Mtu anaandika kitabu kizima, hajui mtu wake amevaa nini!" Alikuwa ameinua chaki hewani kama Mama alipokuwa akisahihisha madaftari. Nilimngoja aende mlangoni. Hakwenda. Akakanyaga cherehani kwa nguvu, akamaliza upande mzima wa sketi, akakata uzi kwa meno.

"Soma," akasema. "Nataka kuona upuuzi wake utaishia wapi."

Siku ile alishona mpaka kivuli cha ukuta wa jirani kikaingia ndani kabisa. Kesho yake asubuhi, kabla sijanywa chai, aliniuliza, "Kiko wapi kile kitabu cha mjinga wako?" Tukaendelea. Aligombana na kila ukurasa. Unga ule haukandwi hivyo. Mji ule hauwezi kuwa na mto asubuhi na jioni usiwe nao. Nilianza kwa kumwitikia, ndiyo Baba, kweli Baba, na nikaona kila nikimwitikia anapoa na macho yake yanahamia mlangoni. Basi nikaanza kumpinga. Mara ya kwanza nilimpinga kwa makusudi. Baada ya hapo sikuhitaji makusudi.

Ugomvi mkubwa ulikuwa wa tanuri.

"Huyu mtu ni mpumbavu," Baba alisema. "Tanuri halizimwi hivyo. Watu wa mtaa wanakula nini?"

"Watakula viazi."

"Viazi! Wazee wasio na meno, wagonjwa, watoto wa shule, wote viazi?"

"Baba, mkewe amepotea! Moyo unamuuma, wewe unamwambia habari za wazee wasio na meno?"

"Mkewe akirudi atamkuta wapi? Angekaa pale pale, moto unawaka, hata kipofu angeifuata harufu."

"Angekaa akitazama kiti chake kila siku? Akisikia kila mlango ukilia adhani ni yeye? Wewe hujui!"

"Mimi sijui?"

"Hujui! Mtu ana haki ya kuondoka mahali panapomuuma!"

Nilikuwa nimesimama. Sijui nilisimama saa ngapi. Sauti yangu ilikuwa bado chumbani, na ndipo niliposikia ilichosema. Kitinda alikuwa amefungua mdomo, kifungo kimemganda kati ya vidole. Msimu mzima nilikuwa nikihangaika ili Baba asiondoke, na sasa nilikuwa nimemfungulia mlango kwa mikono yangu miwili.

Baba akaondoa miguu kwenye kikanyagio.

"Ndivyo unavyoona?"

"Nilikuwa nasema ya huyu mwoka mikate."

"Na mimi nakuuliza ya huyu mwoka mikate."

Kabla sijajibu, fundi viatu wa jirani alichungulia, nyundo mkononi. "Jamani, kuna nini? Nimesikia makelele."

"Wanagombania mkate," Kitinda akasema.

"Mkate?" Fundi viatu alitutazama mmoja mmoja kwa huruma. "Kama ni mkate, mimi nina nusu pale. Nilete?"

Baba akacheka. Hakucheka kama abiria. Alicheka mpaka akaegemea cherehani na kufuta macho kwa kipande cha kitambaa cha sare, na fundi viatu, ambaye hakujua alichosema, akacheka naye, akaondoka akitikisa kichwa. Kisha Baba akainama, akatia uzi kwenye sindano, akaendelea kushona. Hakurudia lile swali.

Kuanzia hapo mimi ndiye niliyekuwa hatulii. Niliungua kidole kwa pasi. Nilishona vifungo vya kijivu kwenye shati jeupe. Baba alikaa kwenye kiti chake kama mti uliopandwa, anashona, anateremsha nguo moja baada ya nyingine, na mimi ndiye niliyekwenda mlangoni kutazama barabara. Mama wa mapacha alikuja, akachukua sare zake, akatafuta kosa la kulalamikia akakosa, akaondoka akiwa amenuna. Jumamosi ilikuwa inakuja. Baba hakusema tunakwenda wala hatuendi, nami sikuthubutu kuuliza, kwa sababu kama angeniambia "Wewe mwenyewe ulisema," ningemjibu nini? Nilipunguza kusoma. Nilisoma polepole, nikakohoa, nikaomba maji. Nilikuwa na wazo la kijinga kwamba kitabu kisipoisha, hata msimu hautaisha.

"Umekuwaje?" Baba akauliza. "Unasoma kama unatafuna mchanga."

"Koo."

"Kunywa maji usome. Leo ameshafika mji wa ngapi huyu mzururaji?"

Jumamosi asubuhi gari la mizigo likasimama mbele ya duka, injini inanguruma, dereva hakuizima. Shangazi aliingia kwanza kwa sauti, kisha kwa mwili.

"Hodi! Hamjambo? Mbona hamjafunga hata kikombe? Mimi nimeamka na majogoo, nyinyi mmekaa kama mnapigwa picha!"

"Shikamoo, Shangazi," tukasema.

"Marahaba, marahaba. Masanduku yako wapi?"

"Kaa kwanza, dada," Baba akasema, hakuinua macho kutoka kwenye mfuko aliokuwa akiugeuza. "Tumebakiza kurasa chache."

"Kurasa za nini?"

"Kaa."

Shangazi alikaa juu ya rundo la sare zilizopigwa pasi. Kitinda alimwondoa kwa upole akampa kiti. Nami nikasoma, gari linanguruma nje. Mwoka mikate amefika mji wa mwisho, na katika ua wa nyumba moja anamkuta mke wake, mzima, anaanika nguo. Anamuuliza kwa nini hakurudi. Mke anasema mama yake alikawia kupona, na barua aliandika, hazikufika. Alipokuwa anafunga mizigo, msafiri mmoja akamwambia kuwa lile tanuri limezimwa na duka limefungwa. Akadhani mumewe amekufa, au amemkataa. Akafungua mizigo.

Baba alipiga meza ya kukatia kwa kiganja, chaki zikaruka. "Nilisema! Sikusema? Mtoto huyu shahidi!"

"Alisema," Kitinda akakubali.

"Ngoja, ngoja," Shangazi akasema. "Huyo mwanamke ana lake jambo. Tanuri linamhusu nini? Asiyekuwepo na lake halipo. Yeye hakuwepo, basi anyamaze."

"Lake lipo!" Baba akamgeukia. "Lake lipo, dada! Mtu akiwa hayupo ndiyo kila chake kiwe hakipo?"

"Methali si yangu, ni ya wahenga."

"Wahenga hawakukisoma kitabu hiki. Na wewe pia hukukisoma, umeingia sasa hivi, hujui hata habari ya koti!"

"Koti gani?"

"Usimwambie," nikasema, "atakaa mpaka jioni."

"Nani akae mpaka jioni? Niambieni habari ya koti!"

Tukaongea wote kwa pamoja. Shangazi alimtetea mwoka mikate, akanivuta niwe upande wake, nikakataa, nikamwambia kwamba nimebadilisha mawazo. Baba akasema kubadilisha mawazo baada ya kuona mwisho ni wizi. Nje dereva akapiga honi. Akapiga tena, ndefu.

Baba akanyanyuka. Nikashika ukingo wa kigoda. Alikwenda kwenye misumari ya ukutani, akaanza kushusha sare zilizokwisha, akazipanga juu ya mkono wake mpaka kidevu kikazizuia.

"Kitinda, mwambie dereva azime gari aje anywe chai. Halafu umwonyeshe njia. Hizi ni za upande wa sokoni, hizo zilizobaki ni za kule nyuma ya zahanati. Jumatatu shule zinafunguliwa, watoto wa watu wasubiri nini?"

Shangazi alimtazama, akautazama mlima wa mashati, akanitazama mimi. "Nimetafuta gari la kuhamisha watu, wewe unaligeuza la mashati?"

"Si limekuja tupu?"

"Na nyinyi?"

"Sisi tuna kazi, dada." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja rangi ya uzi. "Likizo ijayo tutakuja kukutembelea. Wiki nzima, ukitaka."

Shangazi akavua viatu. Nikajua ameshindwa, maana Shangazi havui viatu mahali ambapo hajakubali kukaa. Alilala kwetu. Jumapili aliondoka bila sisi, amekaa kiti cha mbele cha lile gari, na kitabu cha mwoka mikate mapajani, kwa kuwa alitaka kusoma mwanzo wake na kuliona lile koti kwa macho yake mwenyewe. Alipokuwa anatupungia mkono alikuwa tayari ameshakifungua.

Jioni ile Baba aliniambia kesho niende kwa Miwani. Sare zilikuwa zimeisha, lakini kulikuwa na mapazia ya mtu.

"Nichukue cha namna gani?"

"Wewe ndiye unayechagua," akasema.

Nikaenda uani. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, nikadhani sasa nitatulia, na sikutulia. Nilikaa kwenye ngazi ya jikoni, nikasimama, nikakaa. Mama hakuwa amekosea kuhusu kitabu kile. Alisema kitamkera mzee wake, na kilimkera kila ukurasa. Lakini yeye hakuwahi kupita ukurasa wa kwanza. Miaka yote ile alikifungua akakirudisha, na hakujua ya zipu, wala ya tanuri, wala kwamba yule mke alikuwa hai, anaanika nguo juani. Katika kila kitu kilichotokea nyumbani kwetu, hiki kilikuwa cha kwanza ambacho yeye hakuwa na habari nacho. Nilitaka sana kumwambia. Nilikuwa hata najua nitakavyoanza, na mahali ambapo angenikatiza, na upande ambao angeuchukua, ambao usingekuwa wa Baba wala wa Shangazi wala wangu.

Kutoka dukani Baba aliniita akisema mwanga unakwisha na pazia lina vishikizo vya kushona. Nikajipangusa uso kwa upindo wa gauni, nikaingia.